Ndiyo ya Merrin Noske

Mchezaji akimwuliza swali, Merrin Noske alijibu ndiyo, hapana, au sijui. Jibu la nne hakuwa nalo. Hakusema "tutaona", hakusema "kaeni mkao wa kula", hakusema "kuna habari njema njiani", maneno ambayo watu wa kazi yake huyasema asubuhi na jioni bila kuona haya. Kanuni hiyo alijiwekea mwenyewe siku alipoajiriwa, na aliishika muda mrefu kiasi kwamba watu waliiona kama sehemu ya mwili wake, kama pua.

Kazi yake ilikuwa kuzungumza na wachezaji wa Uzio Mrefu, mchezo wa kompyuta. Studio iliyoutengeneza ilikuwa Adelaide, Australia, ghorofani juu ya duka la baiskeli, na wafanyakazi wake wote walienea kwenye meza moja. Walitengeneza mchezo huo tu, sehemu baada ya sehemu: wa kwanza, wa pili, wa tatu. Ndani ya mchezo wewe ni mlinzi wa uzio, ule uzio wa waya unaokata jangwa kaskazini mwetu ili mbwa mwitu wasiwafikie kondoo. Una gari bovu, mbwa mmoja na koleo. Unaufuata waya, unaziba pale kangaruu alipopasua, unafukua pale mchanga ulipofunika, na jioni ikifika mwanamke mmoja anakuita kwenye redio kuuliza kama bado u hai. Humwui mtu. Hushindi kitu. Asiyeujua akikutazama unavyocheza atadhani umepewa adhabu.

Hata hivyo watu waliupenda mno: madereva wa malori, wauguzi wa zamu, wajane, wanaume waliopunguzwa viwandani wakabaki na mikono isiyo na kazi. Merrin aliwajua wengi wao kwa majina, na aliwajua pia wenzi wao na maradhi yao. Yeye mwenyewe ni mtoto wa huku kaskazini. Baba yake aliulinda uzio wa kweli mpaka mgongo ukamkatalia, na mluzi unaomwita mbwa ndani ya mchezo ni mluzi wa mzee huyo, waliounasa kabla hajafa.

Kila Julai wachezaji walikusanyika hapa Hawker, mji wetu mdogo. Sisi wa kamati ya ukumbi tuliwapa funguo na birika kubwa la chai, na wao walikuja kila mtu na sahani yake ya chakula: soseji, mayai ya kuchemsha, keki za mraba zilizogaagazwa kwenye nazi. Walikuja na makoti mazito na mablanketi ya magoti, maana hita za ukumbi ule zinapasha dari tu. Walikaa mchana kutwa wakicheza pamoja, mchezo ukioneshwa kwenye kitambaa kikubwa ukutani, wakisutana juu ya nani anaziba vibaya.

Mwisho wa mchana kulikuwa na desturi yao, ambayo sijaiona kwingine. Walikuwa wamekubaliana tangu asubuhi juu ya swali moja, moja tu. Noelene Pratt, dereva mstaafu wa basi la shule ambaye ndiye aliyekuwa mkubwa wao kwa umri, alisimama na kuliuliza. Merrin alisimama mbele, akajibu kwa moja ya maneno yake matatu. Hakuna maelezo, hakuna makofi, hakuna swali la nyongeza. Kisha wote wanaenda kuosha vyombo.

Mwaka ule kabla ya mchezo wa tatu kutoka, waliuliza kama mbwa atakufa. Merrin alikuwa ameomba ruhusa kwa wakubwa mapema, nao wakampa kwa shingo upande. Akasema, "Ndiyo." Niliona watu wazima wakisugua sufuria huku machozi yakiwadondokea, na hakuna hata mmoja aliyemlaumu. Stavros Mavridis, mchomelea vyuma mwenye mikono kama makasia, alimwambia mlangoni, "Afadhali nimejua kwako. Nitamzika nikiwa nimejiandaa."

Sasa lazima niseme habari ya jina, kwa sababu balaa lilianzia hapo. Mwenye studio, Lachie Venning, aliishiwa katikati ya mchezo wa pili. Kampuni moja kubwa ya ng'ambo ikajitolea kuuchapisha na kuusambaza, kwa sharti kwamba jina la Uzio Mrefu liwe lake. Venning alikubali. Wenzake walipomwuliza, alisema jina haliliwi. Tangu siku hiyo wale waliokuwa na mchezo mikononi hawakuwa wenye mchezo. Hawakuweza kutengeneza sehemu mpya bila ruhusa, wala kutangaza chochote. Mkataba ulisema hivyo kwa maneno ambayo hata mtoto angeyaelewa: mwenye jina ndiye mwenye kutangaza.

Wakubwa wa kwanza wa kampuni ile walikuwa watu wenye masikio. Baada ya mchezo wa tatu wakaondolewa, wakaja wengine waliopenda michezo isiyokwisha, ile inayomtoza mchezaji kila asubuhi kama mlango wa choo cha stesheni. Kabla hawajaondoka, wale wa zamani walikuwa wameruhusu mchezo wa nne uanze. Ulihusu mwaka maji yanapokuja kwenye ziwa kavu, ndege wanapotokea wasikojulikana na uzio unazama nusu. Wapya hawakuukataza. Walisema studio iendelee polepole na isubiri.

Julai ya kwanza ya kusubiri, Noelene aliuliza, "Je, utakuwepo mchezo wa nne?"

"Sijui," Merrin alisema.

Wakaosha vyombo. Julai ya pili swali likawa lile lile na jibu likawa lile lile, na safari hii wengine waliondoka sahani zikiwa bado mezani. Stavros alikaa kwenye ngazi za ukumbi akivuta sigara.

"Sijui, sijui," aliniambia. "Mke wangu alisema sijui miezi sita, halafu akaenda kuishi Darwin."

"Ungetaka akudanganye?" nilimwuliza.

Alifikiri. "Mke wangu? Ndiyo. Merrin, hapana."

Julai ya tatu watu walipungua tena. Merrin alikuja kutoka Adelaide kwenye gari la Venning, na nilijua kuna jambo kwa sababu Venning hakuwa na mazoea ya kuja. Aliwaogopa wachezaji, na alikuwa na sababu. Nilikuwa jikoni najaza birika, mlango uko wazi. Waliingia wakasimama karibu na sinki, wala hawakuniona kuwa mtu wa kufichwa.

"Leo watauliza lile lile," Venning alisema.

"Watauliza."

"Na wewe?"

"Lachie, umeendesha saa zote hizo ukiongea habari za kriketi ili uniulize hapa, mbele ya mafuta ya soseji?"

"Sikiliza, dada. Kampuni inaamua Septemba. Nimeongea na yule jamaa wao, anasema mezani kwao kuna michezo mingi na kisu kimoja. Wanasikiliza kelele tu. Mchezo usiopigiwa kelele unakatwa."

"Wapigie kelele basi. Una koo."

"Mimi nani ataniamini? Mimi ndiye niliyeuza jina. Humu ndani nikisema leo ni Jumamosi, watu watatoa simu kuhakikisha."

Merrin alicheka, na Venning akacheka naye. Kisha akashusha sauti, na hapo nakiri kwamba hakuwa akiigiza. Alikuwa mtu aliyekonda kwa hofu.

"Wewe ukisema ndiyo, kesho dunia nzima inajua. Wakishajua, nani atathubutu kuukata? Watamnyonga mtoto ambaye majirani wote wameshamwona?"

"Mkataba unasema hatutangazi."

"Watanuna wiki moja. Halafu watatuma keki."

"Na sijui kama ni kweli, Lachie."

"Itakuwa kweli kwa sababu wewe umeisema! Tukisubiri kwa adabu, tutakufa kwa adabu. Umeyaona yale maji. Umewaona wale ndege. Unataka wabaki kwenye kompyuta zetu mpaka mtu apige kitufe cha kufuta?"

Merrin alifungua bomba, akanawa mikono ambayo haikuwa michafu, akaifuta kwenye sketi yake.

Hoja ile naijua, na wala si ya watu wa michezo peke yao. Uongo wa mwongo hauna soko, kwa hiyo mwenye kuuhitaji huenda kuazima mdomo wa mkweli. Humwambia kwamba ni kwa ajili ya upendo, na mara nyingi ni kweli kwamba kuna upendo. Upendo wenyewe haubadilishi lililosemwa. Merrin alilijua hilo kuliko mimi. Baba yake alikuwa na neno kuhusu walinzi wa uzio wanaoandika "salama" bila kufika mwisho wa waya, na si neno la kuandikwa hapa.

Mchana ule alicheza na watu, akataniwa, akala yai moja. Noelene aliposimama, ukumbi ulitulia. Watu hawakuwa na hamu tena. Walitulia kama wanaongoja daktari asome kipimo wanachokijua.

"Haya, mpenzi," Noelene alisema. "Unalijua swali. Mchezo wa nne utakuwepo?"

Merrin alitazama sakafu, akamtazama Venning aliyesimama kando ya mlango na koti mkononi, akawatazama wao.

"Ndiyo," alisema.

Stavros alipiga meza kwa viganja vyote viwili hata bakuli la saladi likaruka, na desturi ya kutopiga makofi ikafa pale pale. Watu walipiga kelele, wakakumbatiana, wakakanyaga mablanketi. Noelene aliketi akajifunika uso kwa leso. Msichana mmoja aliyetoka Perth alikuwa ameinua simu yake tangu mwanzo, akinasa kila kitu, na wala hakuvunja sheria yoyote. Walinasa kila mwaka.

"Umeona?" Stavros alikuwa akimwambia kila mtu. "Umeona? Huyu mwanamke hasemi kitu asichokijua! Mimi nitaweka nyumba yangu juu ya neno lake!"

Merrin aliingia jikoni kabla ya wengine. Aliosha sahani moja kwa muda mrefu sana. Nilimwuliza kama yuko sawa.

"Kuna chai iliyobaki?" alisema. Nikammiminia, hakuinywa.

Venning alikuwa amesema kweli juu ya jambo moja: kesho yake habari ilikuwa kila mahali. Watu wasiomjua Merrin walionyeshana uso wake ukisema neno lile. Wachezaji walichora mbwa mpya, wakampa majina. Walipojitokeza wenye shaka, wenyeji wa mchezo waliwajibu kwa ukali: kama ni yule mwanamke wa Hawker, basi imekwisha, yeye hana maneno ya mnada. Kelele aliyoitaka Venning ilipatikana tele.

Kampuni haikununa wiki moja. Jumanne iliwaita Merrin na Venning kwenye kikao cha kompyuta. Merrin mwenyewe ndiye aliyenisimulia, miezi baadaye, akiwa amekaa kwenye benchi langu la nyuma na mbwa wangu miguuni. Aliyeongoza kikao alikuwa mama mmoja mwenye sauti ya upole, ambaye hakugomba hata kidogo.

"Nani alikuruhusu kutangaza?" aliuliza.

Merrin alimgeukia Venning. Venning alikuwa anaitazama meza.

"Hatukukubaliana hivyo," Venning alisema. "Mimi sikumtuma."

"Nilisema mimi," Merrin alisema. "Mdomo ni wangu."

"Ulikuwa unajua kwamba mchezo umepitishwa?"

"Hapana."

"Kwa hiyo uliwaambia jambo usilolijua."

"Ndiyo."

Mama yule alishukuru, akakata. Majibu yale yalikuwa ya kanuni yake, safi kabisa, na yalikuwa yamechelewa.

Nilipomwuliza kwa nini hakumtaja Venning, aliniambia hivi: "Angekana, mimi ningesisitiza, tungekuwa waongo wawili tunagombania nani mdogo." Kwa hilo namheshimu. Lakini heshima hiyo haifuti ya ukumbini.

Siku chache baadaye kampuni ilitoa taarifa fupi. Ilisema haijatangaza mchezo wowote mpya wa Uzio Mrefu, na kwamba maneno yaliyosikika Hawker yalisemwa na mtu asiye na mamlaka. Kisha ikavunja mkataba kwa kosa la kutangaza bila ruhusa. Kwa kuwa jina lilikuwa lake, na kila kilichotengenezwa chini ya jina kilikuwa chake, iliagiza kazi yote ikabidhiwe: maji, ndege, sauti, ziwa. Wale vijana waliochora mawimbi kwa miaka walikabidhi kila kitu mchana mmoja, wakasaini, wakashuka ngazi kupitia duka la baiskeli. Studio ilifungwa kabla ya Krismasi. Venning alikwenda Brisbane kwa dada yake, na sijasikia habari zake.

Je, Septemba wangeupitisha? Hilo ndilo swali ambalo wachezaji wanalirudia mpaka leo, na kila mtu ana jibu lake. Wapo wanaosema ulikuwa umekwisha kukatwa, taarifa tu ndiyo ilikuwa bado. Wapo wanaosema ulikuwa unapita. Hakuna aliyekuwa kwenye meza ile aliyesema, wala hakuna atakayesema. Wanaomtetea Merrin hushika la kwanza na wanaomlaani hushika la pili, na wote hao wanafanya kosa alilolifanya yeye, la kusema ndiyo na hapana juu ya jambo wasilolijua.

Hasira za watu zilianza kwa kampuni, kama kawaida. Kampuni iko mbali na haina uso. Zikatafuta uso karibu, zikaupata. Sitayarudia matusi aliyoandikiwa. Walioyaandika wengi hawakuwahi hata kuja Hawker. Yaliyomuumiza ni machache na hayakuwa matusi. Stavros alimpigia simu.

"Ulijua au hukujua?" alimwuliza.

"Sikujua, Stav."

"Bora ungesema sijui," Stavros alisema. "Miaka miwili nililala nayo ile sijui yako. Ilikuwa ngumu, lakini ilinibeba."

Mwanzoni mwa mwaka uvumi ulizuka kwamba jina limeuzwa kwa kampuni nyingine, na kwamba mchezo wa nne unamaliziwa huko kwa siri. Ulienea haraka, maana mfiwa huamini hatua yoyote anayoisikia barazani. Merrin alikuwa bado na rafiki mmoja ndani ya kampuni ya zamani, akamwuliza. Rafiki alimwambia ukweli bila kuzunguka: jina halijauzwa, haliuzwi, na hakuna mtu hata mmoja anayeligusa. Limewekwa kabatini kwa sababu kuliweka hakuna usumbufu, na kuliuza kunahitaji mtu wa kufikiri.

Merrin hakuwa na wajibu tena wa kumwambia mtu yeyote kitu. Lakini aliona watu wanaanza tena kuchora mbwa. Basi akaandika mahali walipokutana wachezaji, kwa jina lake kamili: "Mmeuliza kama jina limeuzwa. Hapana."

Ndiyo mara ya kwanza tangu Hawker alipowajibu kwa neno analolijua kuwa kweli. Walicheka. Mmoja aliandika, "Kama Merrin kasema hapana, andaeni chai, ni ndiyo." Maneno hayo yalirukia kila mahali. Wengine waliyachukua kama utani, lakini wengine, na hao walikuwa wengi, waliyachukua kwa dhati: walisema safari hii amefungwa mdomo na wakubwa, kwamba anakana kwa sababu amesainishwa, kwamba kukana kwake ni ushahidi. Uvumi aliotaka kuuua ukapata damu mpya. Alipoandika mara ya pili kusisitiza, wakasema anasisitiza mno.

Noelene alimpigia. Merrin alisema bibi yule hakuwa na hasira, na hilo lilikuwa baya zaidi.

"Mpenzi, usiandike tena."

"Lakini ni kweli, Noelene. Safari hii najua. Nimeuliza."

"Huenda ni kweli. Mimi sijui tena nikusikieje. Lakini kila ukisema hapana, unawapa tumaini, na mimi ndiye wanaonipigia usiku kulia. Nyamaza tu, mwanangu."

Akanyamaza. Sasa anapokea wagonjwa kwa daktari wa meno Port Augusta, na akiulizwa kama itauma anasema ndiyo. Julai iliyopita hakuna aliyekuja kuomba funguo za ukumbi, na kamati imewapa nafasi ile wacheza bingo.

Neno lile moja liligharimu studio, likagharimu mkusanyiko wa Hawker, na huenda liligharimu mchezo wa nne. Hilo la mwisho sijui. Lililo hakika ni kwamba kulikuwa na mtu mmoja ambaye watu hawa wangeweza kumsikiliza wakaacha kungoja, na sasa hayupo. Wapo wanaongoja bado.